Mkono Usiopita Bega

Fundi aligoma kuvaa ile suruali. Aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyepewa kitu akatupe.

"Hii ni ya mtoto," alisema.

"Inavutika, shemeji," mtafiti alimwambia. "Ukishaivaa inakukaa."

"Kukaa itanikaa. Swali ni nani ataniangalia ikishanikaa."

Mkewe, msusi, alikuwa amekwisha kuvaa ya kwake, amesimama nyuma ya pazia akijizuia asicheke. Suti zenyewe zilikuwa nyeusi, za kubana toka shingoni hadi vifundoni, na yake ilimchora lile tumbo aliloachiwa na uzazi, ambalo yeye na magauni yake walikuwa wameelewana kulificha. Lakini alikuja kwa hiari yake. Mtafiti alikuwa mteja wake, binti wa chuo mwenye nywele nyingi na maswali mengi kuliko nywele. Alikuwa anachunguza jinsi watu wanavyosogeza miili wanapocheza zile gemu za kutikisa rimoti hewani, zile ambazo mtu anasimama mbele ya televisheni na kupiga tenisi isiyo na mpira. Alitaka watu wa kawaida, si vijana waliozaliwa na rimoti mkononi. Msusi akaona hayo ni matembezi. Tangu mumewe aanguke kutoka kwenye jukwaa la rangi, hawakuwa wameongozana kwenda popote isipokuwa hospitali.

"Kabla hatujaanza," mtafiti alisema, "kuna anayeumwa popote? Mgongo, goti, bega? Maana mwenye maumivu siruhusiwi kumchezesha."

"Mimi mzima," msusi alijibu kutoka nyuma ya pazia.

Fundi aligeuka kuelekea ile sauti. "Mzima kabisa," alisema. "Jumatatu narudi kwenye dari zangu."

Alikuwa mpaka rangi, na katika wapaka rangi alikuwa wa dari, kazi isiyopewa mtu mpaka aaminiwe. Mpaka rangi wa ukuta anatazama mbele. Wa dari anashinda siku nzima ameinua uso, na rangi inamdondokea kwenye paji, kwenye kope, puani. Kila jioni msusi alikuwa akimfuta uso kwa kitambaa chenye mafuta, akimwambia afumbe macho, naye akilalamika kwamba anachunwa ngozi. Miezi yote ya kuumwa kwake uso ule ulikuwa safi, na msusi, ambaye zamani aliona kazi ile ni kero, alijikuta ameikumbuka.

Suruali hatimaye ilivaliwa. Mtafiti akaanza kuwabandika vidude vya duara, vidogo kama shanga, vinavyong'aa: mabegani, viwikoni, kwenye viganja, kiunoni, magotini.

"Kamera za ukutani hazitawaona ninyi," alieleza. "Zinaona hivi tu."

"Basi ungeniambia nije na shati langu la kazi," Fundi alisema. "Lile lina madoa kila mahali. Zingenisoma mpaka ninachowaza."

Wote wakacheka. Kisha wakacheza.

Msusi alicheza kama anafukuza nyuki. Aliruka, alikimbia mahali ambapo hapakuwa na haja ya kukimbia, alirusha mkono mpaka kidude kimoja kikabanduka kikaviringika chini ya meza. Mumewe alisimama palepale alipowekwa. Alizungusha kiganja kidogo, kama mtu anayegeuza ufunguo, na mpira wa kwenye televisheni ukaruka ukaangukia pale ambapo msusi hakuwepo. Alimfunga mpaka ikawa aibu.

"Mama Kasuku," alisema bila kuhema, "kaa chini upumzike, utatuzimikia kwenye nyumba ya watu."

Msusi alifuta jasho akamwangalia. Alifurahi. Hakuwa amemwona akijivuna kwa muda mrefu, na majivuno yalimpendeza kuliko ile suruali.

Mtafiti aliwavutia viti mbele ya kompyuta. Kiooni palikuwa na giza, na ndani ya giza nukta nyeupe zikatokea, zikasimama kwa umbo la mtu.

"Huyu ni wewe, dada."

Nukta ziliruka, zikajikunja, zikarusha mkono hadi juu ya kichwa. Msusi alijifunika mdomo. Hapakuwa na uso wala nguo wala tumbo la uzazi, lakini alikuwa yeye, hata namna yake ya kutanguliza bega la kushoto, kama anapopenya kati ya watu sokoni.

"Na huyu shemeji."

Nukta za pili zilisimama. Moja tu ilicheza, ile ya kiganja cha kulia. Ya kiwiko ilitikisika kidogo. Ya bega haikujua kama kuna mchezo.

"Umeona?" Mtafiti alisogeza kiti karibu, macho yakimng'aa. "Mashine haijali mkono umetokea wapi, inasoma rimoti tu. Sasa kuna watu kama wewe, dada, wanaocheza kwa mwili mzima kwa sababu wanataka kuhisi wako uwanjani. Na kuna wanaotaka kushinda. Hao wakigundua kwamba kiganja kinatosha, wanaacha mengine yote. Lakini kwa kawaida mtu anaanza kama wewe, halafu mkono unapungua taratibu. Shemeji yeye ameanzia mwisho! Mchezo wa kwanza kabisa. Sijawahi kumpata hivi."

"Mjanja huyo," Fundi alisema, akiwaonyesha zile nukta zake kwa kidevu.

"Mjanja kweli."

"Rudisha pale anapoanzisha mpira," msusi alisema.

Mtafiti alirudisha. Katika kuanzisha, mchezaji alitakiwa kuinua mkono kama anayedaka kitu kinachoanguka. Nukta ya msusi ilikuwa imepanda mpaka karibu itoke kiooni. Ya mumewe ilipanda, ikafika usawa wa bega, ikakata kona. Mara zote. Na kila ilipofika pale, nukta za kiunoni ziliinama upande, kidogo tu, kama watu wanaomsaidia mwenzao kubeba mzigo bila kutaka aonekane.

Msusi alimwangalia mumewe. Mumewe alikuwa anakiangalia kioo, anatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa limekaa muda mrefu kuliko tabasamu linavyokaa.

"Basi," alisema msusi. "Nimeona."

Nyumbani aliingia wa kwanza, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kutundika mtandio wake, na mkono ukagonga ukuta mtupu. Msumari haukuwa pale. Ulikuwa chini, usawa wa kifua, tangu mumewe aupigilie upya. Ili mtoto naye afikie, alisema wakati ule.

Alisimama na mtandio mkononi. Kopo la sukari lilikuwa limeteremka kutoka rafu ya juu, ili mtoto ajifunze kujitilia chai. Redio ilikuwa imetoka juu ya kabati ikahamia kwenye kigoda, eti huku chini inashika stesheni vizuri. Kioo cha kunyolea ndevu kilikuwa kimeshuka mpaka mtu anyoe akiwa ameketi kitandani. Nyumba nzima ilikuwa imeshuka, kitu kimoja kimoja, na kila kiliposhuka yeye alikuwa ameshukuru. Aliwasimulia hata wateja: mume wangu siku hizi anamfikiria mtoto.

"Baba Kasuku," aliita. "Nishushie lile begi la nywele juu ya kabati."

"Kasuku!" Fundi aliita papo hapo. "Lete kiti umshushie mama yako begi."

"Nimekuomba wewe."

"Kwani begi litajua nani kalishusha?"

"Kwani begi litajua nani kalishusha?" alirudia binti yao, akiburuta kiti kutoka jikoni. Hakupewa jina la Kasuku bure.

"Wewe, kaazime kiberiti kwa jirani," msusi alimwambia.

"Kiberiti si kipo?"

"Kaazime kingine."

Mtoto alitoka. Msusi akafunga mlango.

"Nyanyua mkono."

"Wa nini?"

"Nyanyua tu. Kama kule, unapoanzisha mpira."

Fundi alifikiria kukataa, ilionekana usoni. Kisha akanyanyua. Mkono ulipanda ukafika begani ukasimama, na kiuno kikaanza kuinama kuusaidia. Msusi hakuhitaji nukta.

"Unauma?"

"Ukifika hapo. Chini ya hapo hauna neno."

"Daktari alisema mkono utarudi."

"Alisema utarudi ukirudi."

"Na mimi uliniambia umerudi."

Fundi alishusha mkono akaketi kitandani, mbele ya kioo chake kifupi. "Ningekwambia nini? Ulishamtangazia kila mtu kwamba Jumatatu narudi. Umepika chai ya kunipongeza, umemwita na jirani."

"Dari utapaka kwa nini, kwa ulimi?"

"Nimeshalifikiria. Nafunga rola kwenye fimbo ndefu. Mkono unabaki hapa, nasukumia kiuno. Kama leo. Si umeona nilivyokufunga?"

"Nimeona. Ukiyumba kule juu utajishika kwa mkono upi?"

Nje, Kasuku alisikika akimwambia jirani kwamba nyumbani kiberiti kipo lakini ametumwa kingine.

"Mwambie msimamizi akupe kazi ya chini," msusi alisema. Alishasogea, alishaketi kando yake. "Kuta, milango, chochote."

"Kazi ya chini ni ya wanaojifunza. Ni ya Twiga. Mimi ndiye niliyemfundisha Twiga kushika brashi, alikuwa anaishika kama mwiko. Leo apande yeye, mimi nimkorogee rangi?"

"Mkorogee."

"Unasema kirahisi."

"Nisemeje sasa?"

"Usiseme." Alimshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu. "Usiende kwa msimamizi. Nakujua. Ukienda wewe, pale kazini sirudi, na humu ndani sijui nitaingia na uso gani."

Msusi alitazama ule mkono uliomshika. Ulikuwa wa kulia, na kwa kushika haukuwa na kasoro yoyote.

"Siendi," alisema. Akajua kwamba ameahidi kukaa na kusubiri mumewe aanguke tena, au asianguke.

Jumamosi mtafiti alikuja kusukwa. Aliketi sakafuni juu ya mto, kichwa kati ya magoti ya msusi, na akaanza kuongea kabla kitana hakijamgusa.

"Dada, mwalimu wangu ameziona nukta za shemeji. Kazipenda! Wiki ijayo nawaonyesha watu chuoni, nataka nianze na yeye. Mfano wa mchezaji aliyegundua njia fupi bila kufundishwa. Sitataja jina, ni nukta tu. Lakini lazima akubali."

"Muulize mwenyewe," msusi alisema. "Inamisha kichwa."

Angeweza kusema pale pale. Ulimi ulikuwa tayari. Aligawanya nywele mstari mmoja, akaugawanya tena kwa sababu ulikwenda upande. Kumwambia mtafiti hakukuwa kumwambia msimamizi. Ahadi isingevunjika, ingepindishwa tu. Alikuwa bado analipima pindo hilo wakati mumewe alipoingia na mkate chini ya kwapa la kushoto.

"Shemeji! Nilikuwa nakusema."

"Kwa mema?"

"Kwa mema matupu." Na mtafiti, shingo ikiwa imeinama, akayarudia yote akiongea na sakafu: mwalimu alivyofurahi, watu watakavyoziona zile nukta kwenye kioo kikubwa, wengine wanavyohangaika wakati yeye ameona njia ya mkato siku ya kwanza. "Nimekuita mbana nguvu. Kwa sababu hupotezi nguvu hata chembe. Mwili wako unajua unachotaka."

Fundi aliweka mkate juu ya meza. Aliusogeza katikati, kisha akausogeza tena pembeni.

"Dada," alisema, "usinionyeshe kwa watu."

"Lakini uso hauonekani..."

"Najua. Ndiyo maana." Alijikuna shingo. "Mimi sikubana nguvu. Ningeweza kurusha mkono kama mke wangu, ningeurusha. Haupandi. Ukifika hapa unagoma."

Mtafiti alijaribu kuinua kichwa, lakini nywele zake zilikuwa mkononi mwa mtu. Msusi akaziachia.

"Nilikuuliza, shemeji. Nilikuuliza kama kuna anayeumwa."

"Uliniuliza mbele ya mke wangu."

Mtafiti alikaa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu msusi amfahamu hakuwa na swali.

"Itabidi nikutoe," alisema mwishowe. "Ndio utaratibu. Nukta zako zote nizifute."

"Zifute."

"Na mimi nilikuwa nimeshafurahi." Alisema hivyo kama mtoto, akaona aibu. "Samahani. Nimechezesha bega bovu, lingeweza kuharibika zaidi. Chuoni kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anapokea watu wa nje. Yuko ghorofa ya chini."

"Ghorofa ya chini," Fundi alisema. "Huko ndiko kunakonifaa siku hizi."

Alikuwa ametania, na mtafiti alicheka nusu, akakoma alipoona msusi hacheki. Fundi akatoka kwenda kutafuta kisu cha mkate, na alikaa jikoni muda mrefu kuliko kisu kinavyotafutwa. Msusi alishika tena nywele. Mumewe alikuwa amelisema, kwa mdomo wake, mbele ya mgeni. Lakini si mgeni anayempandisha mtu jukwaani. Jumatatu ilikuwa bado palepale.

Siku hiyo ilipofika, Fundi aliondoka asubuhi na brashi zake ndani ya mfuko, kofia kichwani. Ile fimbo ndefu ya rola aliitazama, ikiwa imeegemea ukutani, akaichukua. Msusi aliona.

"Umechukua fimbo," alisema.

"Nimeichukua."

"Baba Kasuku."

"Nimekusikia tangu Alhamisi ile ya nukta, mama Kasuku. Nimekusikia hata ulipokuwa umelala."

Siku ile alisuka vibaya. Mteja wa kwanza alimwambia kwamba anamvuta mpaka nyusi zinapanda. Wa pili alivumilia, machozi yakimtoka, akasema afadhali hivyo zitadumu. Kila simu iliyolia, hata ya mteja, ilimsimamisha mkono. Mara mbili alichukua kanga yake aende, kiwanja cha ujenzi kilikuwa mwendo mfupi tu. Mara zote mbili aliitundika tena kwenye ule msumari wa chini, ambao sasa ulikuwa na nguo za watu watatu. Hakwenda. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kwenda.

Kasuku alirudi kutoka shuleni akauliza, "Baba kapanda?"

"Sijui."

"Tutajuaje?"

Msusi akampa ufagio.

Fundi alirudi jua lingali lipo. Alisimamisha fimbo pembeni mwa mlango, rola yake kavu, akapita bila kumwangalia mtu, akaketi kwenye kigoda cha wateja, mgongo kwa mkewe, kama watu wanavyoketi wakija kusukwa.

"Habari za kazi?" msusi aliuliza.

"Kazi ipo."

Alizunguka mbele akamtazama uso. Paji lilikuwa safi. Kope zilikuwa safi, pua safi. Alirudi nyuma, akamvua kofia, na hapo akaona: juu ya kofia palikuwa pamejaa nukta nyeupe, mabegani pia, na shingoni kwa nyuma, kwenye ule mstari nywele zinapoishia, zilikuwa zimetapakaa na kukauka. Nukta za mtu aliyekuwa chini siku nzima, mwenzake akiwa juu yake.

Msusi aliitundika ile kofia kwenye msumari wa chini.

"Huyu Twiga," Fundi alisema, akiutazama ukuta, "anapaka dari kama anamwagilia bustani. Nimemwambia, chovya ncha, pangusa ukingoni, ndipo unyanyue. Hasikii. Kanigeuza mti wenye viota."

"Kanigeuza mti wenye viota," Kasuku alirudia kutoka mlangoni, akacheka, akakimbia kumsimulia jirani.

"Na msimamizi?"

"Kaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu nianguke. Akasema ningesema mapema angekuwa ameshatafuta wa kusaidiana na Twiga." Alijipangusa magoti. "Vijana walicheka. Si wote."

Msusi alileta kitambaa na mafuta. "Inama."

Aliinama. Alimfuta nukta moja moja, kuanzia nyuma ya sikio, akishuka kuelekea bega la kulia, na alipofika pale akapunguza mkono. Mumewe alilalamika kwamba anachunwa ngozi.

"Na kesho?" alimuuliza.

"Kesho milango. Kuanzia chini mpaka hapa."

Akanyanyua mkono kumwonyesha. Ukafika ulipofika, naye hakuinamisha kiuno kuusaidia. Akauacha hapo, wazi, ili auone.